Mfinyanzi na Shimo la Mdiria

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hadithi hii mimi mwenyewe haijawahi kunifurahisha, lakini lazima muijue.

Hapo kale, kwenye mto wenye kilindi cheusi, palikuwa na zimwi lenye njaa. Njaa yake ilitokana na ndege mmoja tu, mdiria, yule mwenye mdomo mrefu anayechimba shimo ukingoni na kutaga humo. Kutwa alikaa tawini akitazama maji, akivizia samaki. Akiliona zimwi linapanda, hulia, "Tri, tri, tri," na watu wote hutoka mtoni.

Kwa hiyo wafinyanzi walikuwa na mwiko wao. Wakienda kuchimba udongo, kwanza huutazama ukingo. Wakiona shimo la mdiria, huchimba kwingine.

Basi palikuwa na mfinyanzi mjane, Mbeyu, na binti yake wa pekee, Nyevu. Mwaka huo udongo ulijaa mchanga. Mbeyu akachoma vyungu, vikapasuka. Akachoma tena, vikapasuka. Akachoma tena, vikapasuka. Wakawa wanalala na njaa.

Siku moja akaja bibi kizee, nguo zake zinachuruzika maji, na mvua haijanyesha. Nyinyi mmeshamjua. Mbeyu, kwa njaa yake, hakumjua.

"Mwanangu, udongo laini uko kwenye shimo la mdiria."

"Bibi, pale ni mwiko."

"Ndege ana mbawa. Atahama."

Nyevu akamvuta mama yake kanga. "Mama, mle mna makinda. Nimewasikia wakilia."

"Makinda hao watakulisha?" akauliza Mbeyu.

Basi akashika jembe. Mdiria akamwimbia:

"Mbeyu, Mbeyu, usibomoe,
humo mna wanangu."

Mbeyu akachimba. Mdiria akaimba tena. Mbeyu akachimba. Mdiria akaimba mara ya tatu, na ukingo ukaporomoka, makinda wakafukiwa.

Vyungu vya safari hiyo havikupasuka hata kimoja. Mbeyu akacheka, akampa Nyevu mtungi mpya. "Nenda kachote maji, leo tunapika."

Nyevu akaingia mtoni mpaka magotini. Zimwi likapanda polepole. Mdiria hakulia. Msidhani alinyamaza kwa kisasi. Alikuwa ameyapa maji mgongo, anaparua ule udongo kwa mdomo wake, anatafuta wanawe.

Mbeyu alipofika alikuta mtungi unaelea mtupu.

Akaita, "Nyevu." Akaita, "Nyevu." Akaita, "Nyevu." Kisha kutoka kilindini ikaja sauti ya yule bibi kizee: "Ahsante, mwanangu."

Mdiria akahama, asirudi tena. Mbeyu naye hakufinyanga tena. Alikaa ukingoni kutwa, mahali pa yule ndege, akitazama maji. Yakitikisika, alipaza sauti, "Tokeni, tokeni, tokeni," na watoto wa wenzake wakatoka salama. Wake hakutoka.

Hadithi yangu imekomea hapo, ukingoni alipokaa Mbeyu. Basi mkienda mtoni, shimo la mdiria mliache kama lilivyo. Ndege yule akiwa na wanawe, anawalinda nyinyi pia.