Mzee Aliyechomoa Flashi

Ndugu zangu, kulikuwa na mzee wa kanisa mwenye masikio makali. Katika usharika wake alihamia mama mmoja mwimbaji. Mama huyu alikuwa na spika ya magurudumu. Kila Jumapili aliiburuta mwenyewe hadi mbele, akachomeka flashi, ala zikaanza, naye akaimba. Watu walifuta machozi. Mzee hakufuta. Alikuwa anamtazama shingo.

"Mwalimu," alimnong'oneza mwalimu wa kwaya, "sauti inapanda mpaka darini, mshipa wa shingo umelala! Huyu anachezesha midomo. Sauti imo kwenye flashi."

"Si umuulize, mzee?"

"Nimuulize ili ajipange? Nitamkamata hapo hapo mbele. Na nikimkamata, hasimami tena katika kanisa hili."

Jumapili tatu mzee alihama viti, kila mara akisogelea spika. Ya nne, katikati ya ubeti wa pili, alinyoosha mkono akachomoa flashi.

Ala zikakatika. Sauti ya juu ikakatika. Ikabaki sauti ya mama, nzito, ya chini, ikaenda peke yake mistari miwili, kisha nayo ikanyamaza.

"Mmesikia?" mzee akawageukia watu. "Sauti ya kwanza haikuwa yake!"

"Si yangu, baba," mama akajibu. "Ni ya marehemu mdogo wangu. Tulikuwa tunaimba wawili, mimi namshikia sauti ya pili. Nakala yake ni hiyo moja tu. Irudishe taratibu, tafadhali."

Mzee akaichomeka. Taa ya spika ikawaka, ikapepesa, ikapepesa. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Hakuna kitu.

Je, mzee yule alikosea? Hapana, na hilo ndilo linaloniogopesha. Sauti aliyoishuku kweli ilikuwa kwenye flashi. Sisi tukishapata kaukweli kadogo kama hako, tunajiona tumejua yote. Nani kati yetu hajamchunguza mkwe, jirani, au mwenzake wa kwaya mwezi mzima, bila kumwuliza neno moja kwa heshima? Wewe uliyekuja leo na mtu wako unayemshuku, ukitoka hapa nenda kamuulize. Mzee alikaa na swali mdomoni Jumapili nne. Angeliuliza, lingejibiwa kwa sentensi moja, na marehemu angekuwa anaimba mpaka leo.