Kwaya Iliyohamia Kulia

Ndugu, isome hii mpaka mwisho, halafu mtumie yule anayempenda mgonjwa wake kupita kiasi.

Mwalimu Mwadime wa Wundanyi alikuwa mwongoza kwaya mkali. Ukipiga miayo mazoezini, utatajwa jina mbele za watu. Siku moja kiharusi kikampiga. Mkono ulipona, ulimi ukapona, lakini kila kilichokuwa upande wake wa kushoto kikafutika. Macho yalikuwa mazima. Kilichoumia ni ubongo.

Mkewe, Wakio, hakutaka mumewe aaibike. Nyumbani akahamishia kila kitu kulia: kikombe, redio, hata kiti chake mwenyewe. Kanisani akawasihi wanakwaya, nao wakahamia kulia wote, sauti ya kwanza mpaka besi, wakabanana kama kuni mgongoni. Watu wakamsifu, naye akafurahi kusifiwa.

Lakini Mwadime alizidi kunyong'onyea. "Mama Mghoi, Pasaka hii ndiyo ya mwisho," alimwambia mkewe. "Asiyeona nusu ya dunia ampishe mwingine."

Wakio akampeleka hospitali kubwa kwa Daktari Rukia, mwenye mashine ya kupiga picha za ubongo ukiwa kazini. Mwadime akalazwa ndani, akaambiwa akaze macho kwenye nukta moja. Kushoto kwa nukta ile picha zikaanza kupita.

"Mwalimu, umeona nini?"

"Sijaona kitu, daktari. Msinichoshe."

Wakio alikuwa chumba cha pili pamoja na daktari, mbele ya kompyuta. Kila picha ilipopita, pembeni mwa sehemu iliyokufa, kijisehemu cha ubongo kiliwaka!

"Mbona anasema haoni?" akauliza.

"Yeye hajui, lakini ubongo wake umepokea!" Daktari alikuwa akicheka kwa furaha. "Hapo pazima panangoja kazi. Niambie mama, nani hukaa kushoto kwake?"

"Hakuna, daktari," Wakio akajibu kwa fahari. "Tumehamia wote kulia."

Alipojisikia akisema hivyo, fahari ikamtoka. Kumbe wema wake ndio uliokuwa ukimponza mumewe.

"Basi rudini," daktari akasema kwa upole. "Siwaahidi kitu, mama. Ila pasipoitwa hapaitiki."

Tangu hapo, kila alfajiri Wakio aliketi kushoto kwa mumewe, akipunga leso na kumulika tochi. "Sasa je? Na sasa?" Mwadime alinuna, akagomba, akakosea. Wakio hakumwonea huruma hata chembe. Kwaya nayo ikarudi mahali pake, na Wakio mwenyewe akajiunga nayo, akasimama mwisho kabisa wa mstari, kushoto kwa mumewe.

Pasaka ikafika, kanisa likafurika. Mwadime akainua fimbo, macho mbele. Wimbo ukapamba moto. Ghafla akausimamisha.

Watu wakashika vifua. Amekwama?

Fimbo ikanyooka kushoto, hadi mwisho wa mstari.

"Wewe hapo! Unapiga miayo siku ya Pasaka?"

Aliyepiga miayo ni Wakio, kwa usingizi wa zile alfajiri zote.

Hakuwahi kuaibishwa hivyo maishani mwake, wala hakuwahi kufurahi hivyo. Akapiga kigelegele pale pale, na kanisa zima likamwitikia.

Funzo: Umpendaye usimwondolee kila kazi ukaita huruma, simama pale asipokuona, umwite mpaka akuone.