Haidari Sonara na Mtungi Usiojaa

Sifa zote ni za Mola aliyeumba watu na majini, akawapa hawa ukomo wao na hawa ukomo wao. Waliotutangulia wamesimulia, na ujuzi wote uko Kwake, kwamba mji wa Shamsuri ulitawaliwa na Sultani aitwaye Shahbuni bin Kahtani, naye alikuwa amekikalia kiti miaka ishirini na minne, na katika miaka ile kuta za mji zilibomoka, na askari wakawa wakichukua mbuzi wa watu bila hata ya salamu, na mwenyewe Sultani akavimba miguu na jicho lake moja likaingia ukungu. Na kubwa kuliko yote, aliizungushia ukuta chemchemi ya maji matamu, ikawa yanywesha mikomamanga ya bustani yake, na raia wakabaki na visima vya chumvi.

Na mji ule ulikuwa na ada yake. Kila baada ya miaka minane mitungi miwili ilisimamishwa uwanjani, mbele ya msikiti wa Ijumaa, mmoja wa Sultani na mmoja wa yeyote atakayethubutu kushindana naye, na kila mwenye nyumba alikuja na kata moja ya maji ya nyumbani kwake, akaimimina katika mtungi wa yule amtakaye. Mwenye mtungi uliojaa zaidi ndiye aliyetawala. Lakini mshindani akishindwa, alitolewa mjini kwenda jangwani kabla ya alasiri ya siku ile ile, wala hakurudi tena, si kwa harusi wala kwa maziko.

Basi katika mji huo alikuwako sonara mmoja, Haidari bin Sudi, hodari wa kazi yake na mshika sala, ila alikuwa mtu wa ndani, hata watu akiwajua kwa vidole na masikio yao tu, maana ndivyo alivyovipima. Aliishi na mama yake, Bi Zuwena, aliyepooza miguu, naye hakuwa na mtoto mwingine. Haidari ndiye aliyembeba kwenda kuoga na ndiye aliyemtilia udhu.

Siku moja aliletewa hirizi kuukuu ya fedha ili aiyeyushe, na alipoitia motoni ukatoka moshi wa kijani, na moshi ukawa ndege ninga, na ninga akasema kwa ulimi fasaha: "Amani iwe juu yako, ewe mfungua kifungo changu. Mimi ni jini, na ahadi iliyonifunga ni hii: kila utakaloniuliza nitakujibu kweli tupu, wala sitaongeza neno nisiloulizwa. Na haja moja ya mkono nitakufanyia, moja tu, kisha niko huru."

Haidari akasoma Ayatul Kursi, akaona ndege hakimbii, akapata moyo. Akasema, "Nenda ukasikilize katika nyumba za mji huu, uniambie watu wanasemaje juu ya Sultani."

Ninga akaruka, akazunguka mapaa yote, akarudi. "Nyumba mia nne nimezisikiliza," akasema. "Mia tatu na tisini wanamlaani. Kumi wamelala."

Moyo wa Haidari ukapanda kama maziwa yanayochemka, akaenda mbio kwa mama yake. "Mama, mwaka huu ni wa mitungi, na Sultani ameoza kama papai. Ni kumgusa tu aanguke. Nitashindana naye."

Bi Zuwena akasema, "Mwanangu, kulaani si kazi. Hata mimi naulaani mguu huu kila siku, na bado sijaukata."

"Lakini mama, mia tatu na tisini!"

"Nimesikia. Na ukishindwa, mimi jangwani nitakwendaje? Na nikifa, nani atakayeingia kaburini kunipokea?"

"Sitashindwa," akasema Haidari. Na hilo ndilo kosa lake la kwanza, kwamba hakusema inshallah.

Ikawa kila asubuhi anapanda juu ya jiwe la sokoni, na kwa kuwa ninga alimletea maneno yaliyosemwa majumbani, alijua kidonda cha kila mtaa. Alisema, "Enyi watu, nyinyi mnakunywa chumvi na makomamanga yanakunywa asali! Mbuzi wenu wanalia uani kwa askari! Mfalme haoni hata pua yake, ataionaje shida yenu?" Na watu wakacheka, na wakapiga makofi, na wengine wakalia. Na ingawa mpiga mbiu wa Sultani alipita na ngoma yake kila mtaa, na kila Ijumaa mimbari ilimwombea Shahbuni umri mrefu na haikumtaja mwingine, Haidari hakujali.

Siku moja mpika vitumbua, jina lake Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na mshipi, akainua mwiko wake, akasema, "Fundi, maneno yako matamu kuliko vitumbua vyangu, Mungu shahidi. Sasa nijibu. Ukuta wa chemchemi ukianguka, nani ataanza kuteka? Sisi wa Bondeni, au wale wa Juu wenye punda?"

"Hayo tutayatazama akishaondoka, bibi."

"Na zamu atasimamia nani?"

"Akishaondoka, bibi!"

"Haya. Na mimi naitwa nani?"

Haidari akababaika. Akamtazama masikio. "Wewe... nilikufulia hereni za nakshi ya jasmini."

Soko zima likaangua kicheko. "Umeona?" akasema Mwanakheri. "Ulizifua kwa harusi ya binti yangu, nikakualika, hukuja."

"Na Sultani je, alikuja?" akauliza Haidari kwa dhihaka.

"Alikuja. Alikula sahani tatu, na biriani yenyewe haikuwa na nyama maana mbuzi wangu alishachukuliwa na askari wake. Lakini alikuja, akamshika bwana harusi mkono, akamwita kwa jina."

Mchukuzi mmoja akatua gunia lake, akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Na watu wakaitikia kwa vichwa, wakaenda zao. Haidari akaona ni mzaha wa sokoni. Hakumwuliza ninga kitu.

Ikafika siku ya mitungi. Watu wakajaa uwanjani na kata zao, na Bi Zuwena akaletwa juu ya kitanda, naye akamimina kata ya kwanza katika mtungi wa mwanawe. Kisha Sultani akashuka, ameshikwa huku na huku, akasimama kwa shida, akasema:

"Enyi raia wangu, mimi ni mgonjwa, na makosa yangu mnayajua kuliko niyajuavyo mwenyewe. Nimewadhulumu, na Mola anaona. Lakini baba zenu niliwazika, na watoto wenu nimewabeba. Huyu kijana amewahesabia dhambi zangu zote, wala hakukosea hata moja. Mwulizeni sasa yeye ni nani." Akaketi.

Watu wakaanza kupita. Wakamtazama Haidari kwa huruma, kama atazamwavyo mgeni aliyepotea njia, na wakamimina kwa Sultani. Wengine walimimina huku wamefumba macho. Mzee mmoja alilia kwa uchungu, akisema, "Maji haya nimeyatoa mbali, nimpe nani nisiyemjua?" na akayapeleka kule kule. Na mtungi wa Haidari ulisikika mtupu, kila tone likipiga chini kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

 Hapo Haidari akamgeukia ninga, aliyetua ukutani. "Ewe jini, na juu yangu mimi, watu wanasema nini majumbani mwao?"

Ninga akasema, "Hawasemi."

"Hawasemi vipi? Wema au ubaya?"

"Si wema wala ubaya. Katika nyumba mia nne sijasikia jina lako isipokuwa kwa mama yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Haidari akatamani amwamuru aujaze mtungi wake, na ulimi ukafika hapo, kisha akamwogopa Mungu, maana ufalme wa wizi ni moto. Akasema, "Basi haja yangu ni hii: bomoa ukuta wa chemchemi, maji yawafikie." Na moyoni, Mola amsamehe, hakulifanya kwa ajili ya kiu yao, bali wapate kujua kuwa ni yeye.

Ikasikika ngurumo, na ukuta ukalala chini kama mkeka, na maji matamu yakateremka njiani, yakapita kati ya miguu ya watu hata uwanjani. Na ninga akawa moshi, akapaa, akaenda zake. Watu wakaduwaa. Lakini Junedi, waziri wa Sultani, mtu mwepesi wa akili, akampiga mpiga mbiu kiwiko cha ubavuni, na ngoma ikalia, na mbiu ikapazwa: "Sultani amewafungulia chemchemi! Sultani amewasamehe kiu yenu!"

Vigelegele vikapanda hata mbinguni. Haidari akapiga kelele, "Ni mimi! Wallahi ni mimi!" na hakuna aliyesikia kwa ngoma. Na wale waliokuwa hawajamimina bado wakainama, wakachota maji yale yale aliyowatolea, na ada ya maji ya nyumbani ikasahauliwa, wakayapeleka katika mtungi wa Sultani hata ukafurika. Sultani mwenyewe alikuwa ameketi kinywa wazi, hajui lililotokea, akipunga mkono.

Kabla ya alasiri askari wakamfikisha Haidari lango la magharibi. Mbele yake palikuwa na siku sita za jangwa. Akapiga magoti penye kitanda cha mama yake, kilicholetwa hapo langoni. Mwanakheri akaja, mwiko kiunoni, akasema, "Mwache kwangu, fundi. Maji yangu sikukupa, na sitakudanganya. Lakini mama hana kosa."

Bi Zuwena akamshika mwanawe kichwa. "Nenda, baba. Radhi yangu unayo. Usigeuke nyuma, nisije nikalia mbele yao."

Naye akaenda, wala hakugeuka.

Haidari akafika nchi ya mbali, akafungua duka, Mola akamkunjulia riziki, akatajirika, na akamwoa mwanamke mwema aitwaye Radhia. Mwaka wa pili wapita njia wakamletea habari kwamba Bi Zuwena amefariki, na mkwe wa Mwanakheri ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na Sultani Shahbuni, na miguu yake ile, alishika jeneza hatua saba na kulia machozi. Kisha wakasema kwamba chemchemi imejengewa ukuta upya, na watu wanamlaani kama zamani.

Haidari akakaa siku tatu hali chakula. Siku ya nne akamwambia mkewe, "Radhia, nataka kukiri mbele ya Mungu na mbele yako. Nilidhani naipigania nchi ile. Sikuwapenda wale watu. Nilimchukia tu yule waliyemchukia."

Radhia akamwekea chakula.

Basi msikilizaji, shika hili nasi tulishike: watu hawamwachi mtawala kwa kuwa wamemchoka, humwacha wakiona wa kumwendea. Mola atusamehe tuliyozidisha na tuliyopunguza, na awape wote wenye kiu maji yasiyo na ukuta. Amina.