Nafasi Moja Nyuma ya Duka la Dawa

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni ile juzi tu simu zilipoanza kuzidi kuku, Songea kulikuwa na marafiki watatu: Zawena, Gaudensia na Otmar. Walimaliza chuo siku moja, wakakosa kazi pamoja. Miaka miwili waliandikia makampuni makubwa, na makampuni makubwa hayakujibu hata "hapana". Nawaonea huruma, maana kusubiri jibu kunachosha kuliko kulima.

Siku moja Zawena aliona tangazo limebandikwa bombani: programu ya kampuni ndogo, inayokutumia ujumbe zamu yako ya maji ikifika. Akaitafuta kampuni yenyewe, akaikuta nyuma ya duka la dawa, ina watu wanne tu. Mwenyewe, Mama Komba, akamweleza kuwa hajatangaza kazi popote, ila watu wameiacha programu yake na hajui sababu, atakayeiponya atamwajiri. Zawena angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, akawaambia wenzake.

Gaudensia akabeba ndoo, akapanga foleni na kina mama asubuhi tatu mfululizo. Akajua: nyumba ina simu moja, na simu huondoka na baba. Ujumbe humkuta baba shambani, maji humpita mama nyumbani.

Otmar akaketi na kompyuta kuukuu iliyozimika kila nusu saa. Wiki mbili aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka ujumbe ukawa unakwenda pia kwa jirani anayeshinda nyumbani na simu, aliyechaguliwa na mama mwenyewe. Kina mama wakarudi kuitumia.

Mama Komba alifurahi, kisha akahuzunika. "Wanangu, mshahara nilio nao ni wa mtu mmoja. Semeni wenyewe."

Zawena akasema, "Bila mimi, mngekuwa bado mnaandika barua."

Gaudensia akasema, "Mlango uliuona wewe, dada. Ugonjwa niliuona mimi."

Otmar akasema, "Kuujua ugonjwa si kuutibu. Aliyetibu ni mimi."

Wakatazamana, na kila mmoja akaona mwenzake hajasema uongo. Hapo ndipo machozi yalipowatoka, nami siwacheki.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu. Msiniambie "wote watatu". Mkataba una mstari wa jina moja, na Mama Komba ameshika kalamu. Je, nani aliistahili kazi ile, na nani kati yenu atakwenda kuwaambia wale wawili?