Jokofu Lililozimwa Kila Mwisho wa Mwezi

Wapendwa, redio yako ikigoma unafanyaje? Unaizima, unaiwasha. Msicheke, hata mimi ndivyo nifanyavyo.

Kulikuwa na nesi mmoja, mwanamke mchapakazi, na zahanati yake ilikuwa na jokofu la chanjo za watoto. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo iliyohesabu muda tangu iwashwe, ili ijue zamu ya kupoza imefika. Lakini aliyeandika programu yake aliitengea hesabu hiyo nafasi ya siku arobaini na tisa tu. Zikipita, hesabu inajaa, inarudi sifuri, na jokofu linabaki kusubiri zamu isiyofika. Taa inawaka, baridi hakuna. Nesi alikuwa na dawa yake: kila mwisho wa mwezi anazima, anawasha, hesabu inaanza upya.

Siku moja fundi akapita. "Dada, ugonjwa nimeuona. Nipe nusu siku niipanue ile nafasi, hutahangaika tena."

"Nusu siku, kaka? Na hawa akina mama kwenye benchi? Mimi nazima, nawasha, mwaka wa nne huu."

"Na siku usipokuwepo?"

"Nipo, kaka yangu. Niende wapi?"

Fundi akafunga mkoba wake. Haukupita muda mrefu, baba wa nesi akaugua huko kwao, nesi akaenda kumuuguza, siku zikawa hamsini na kitu. Aliyeshika nafasi yake, asiyeambiwa habari ya kuzima na kuwasha, aliona taa inawaka, akaridhika.

Nesi aliporudi alikuta chupa zote zina joto. Kwenye benchi alikuwepo mama aliyetembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na surua ilishaingia kijiji cha jirani. Ikabidi amwambie arudi nyumbani.

"Kwani limeharibika lini, nesi?"

"Lilikuwa bovu siku zote, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nalificha."

Sasa sisi. Kila Jumapili tunakuja hapa tumejaa hasira na ugomvi. Tunalia, tunaomba, tunatoka wepesi. Je, kuna kilichofunguliwa ndani kikatengenezwa? Methali ya ufa mnaijua, siirudii. Mimi mchungaji wenu nina ndugu ambaye sijasema naye miaka sita, na kila Jumapili namwombea hapa mbele yenu. Naona aibu kulisema, lakini ndiyo namna yangu ya kuzima na kuwasha.

Leo simwombei. Tukimaliza ibada, napanda basi kwenda kwake.