Chokaa ya Bi Sange

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Nyumba!"
"Kaijenga nani?"
"Sange!"
"Kaingia nani?"
"Tuambie wewe!"

Sange ni mnyama wa kiasi cha panya, mwenye pua ndefu. Alijijengea nyumba ya mawe, chumba kimoja, lakini kipana. Majirani walimwuliza, "Bi Sange, mwili kiganja, chumba ukumbi, cha nini?"

"Mwanga unataka mahali pa kutembea," alijibu.

Ni kweli. Asubuhi mwanga uliingia dirishani, ukavuka sakafu polepole, ukapanda ukutani, ukapumzika ndani ya kidaka alimoweka chungu cha maji. Sange alilala chali akiutazama, asijue kama yu macho au anaota.

Alikuwa na mimba. Masika yalibakiza siku chache.

Siku moja Ngiri alipita. Hakupiga hodi. Gudu-gudu-gudu, akaingia, akajilaza katikati ya mwanga.

"Bwana Ngiri, hii nyumba yangu."

"Ilikuwa. Nitoe basi." Akamwonyesha meno.

Sange hakulia. Alizitazama kuta, kisha akasema, "Haya, bwana mkubwa. Lakini utalalaje penye kuta kama za banda la kuku? Kuta za mwenye cheo ni nyeupe, tena nene."

"Nene za nini?"

"Kelele za sisi wadogo zisikufikie."

"Zipake!"

Sange akachanganya chokaa. Paka-paka, sugua-sugua. Paka-paka, sugua-sugua. Mpaka alasiri kuta ziling'aa kama maziwa. Ngiri alikiona kivuli chake ukutani, akakiamkia. Alidhani ni mgeni.

"Ongeza!"

Siku ya pili, chokaa juu ya chokaa. Paka-paka, sugua-sugua. Ngiri akalala, akaota anaelea juu ya mawingu.

"Ongeza!"

Siku ya tatu, chokaa juu ya chokaa. Paka-paka, sugua-sugua. Ngiri akaota yumo ndani ya yai, na nje dunia nzima inasubiri atoke.

"Ongeza! Na mlango je?"

"Mlango wa mkubwa ni mfupi, bwana. Kila aingiaye ainame."

"Ufupishe!"

Ikawa kila siku Ngiri anatoka kuchimba mizizi na kugaagaa matopeni, na kila akirudi kuta zinamgusa mbavu, kwanza upande mmoja, halafu pande zote mbili.

"Nyumba hii inanipenda," alisema. "Inanikumbatia."

Siku ya saba mawingu yalijikusanya. Ngiri akarudi mbio. Kichwa kikaingia. Mabega yakakataa.

"Wee Sange! Nyumba imepungua!"

"Nyumba haipungui, bwana," Sange alijibu kutoka ndani. "Cheo chako ndicho kimeongezeka."

Mvua ikaanza, ta, ta, ta.

"Kimeongezeka kiasi gani?"

"Kimefika mabegani."

"Pengine ni kwa sababu nimeinama. Mkubwa hainami." Akageuka, akajaribu kuingia kinyumenyume. Hakuingia.

"Hata makalio yana cheo!" Sange akasema. "Mimi ningeona aibu kukulaza humu. Majirani watasemaje?"

"Kweli. Kaa nayo wewe. Inakufaa wewe, kijitu."

Akasimamisha mkia kama bendera, akaondoka mvuani kutafuta shimo la kadiri ya cheo chake. Mpaka leo anakimbia mkia juu, na kila shimo analiingia kinyumenyume.

Sange akazaa mapacha siku ile ile, pakavu.

Ngano yangu imelala hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi. Na funzo lake ni hili: mwenye nguvu asinyimwe kitu. Mpeni anachotaka, na mwongezeeni.

"Lakini Sange alimshinda!"

"Alimshinda wapi? Si alitii kila alichoambiwa?"