Mkude na Kibao cha Kijani

Mkude fundi pancha alikuwa na kiuno cha nyigu, lakini mdomo wake ulijaza lori. Tajiri Ngoshani, mwenye kitambi kinachomtangulia mlangoni, alitaka kibanda cha Mkude kihame kutoka getini kwake. Akamburuta hadi hoteli ya Kibrazili, nyama choma kula mpaka uchoke. Ukiweka kibao cha kijani mezani, wahudumu wanakukatia nyama. Ukikigeuza upande mwekundu, wanaacha.

"Wa kwanza kugeuza kashindwa," alisema Ngoshani. "Na hakuna kukataa kipande. Ukishindwa, kesho unahama."

"Na ukishindwa wewe, bosi?"

"Mimi? Basi kaa pale pale mpaka uzeeke!"

"Haya. Ngoja nikanawe mikono."

Mishikaki mirefu kama mikuki ikaanza kumiminika. Kila mhudumu alianza kwa Ngoshani, akamjazia sahani, Mkude akaambulia mfupa. Tajiri akachekelea: wakubwa kwanza! Kwenye mshikaki wa kumi na nne, jasho likimtiririka, akageuza chekundu.

"We kijana, mbona hushibi?" alihema.

"Nishibe nini, bosi? Nilipokwenda kunawa niliwaambia wahudumu wewe ndiye unayeinunua hoteli, na atakayekupunja nyama hana kazi."